Mwalimu wa kujitolea asipewe klasi peke yake



Tumesikia kwamba kanisa linataka kuomba tena mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya, aje kufundisha Kiingereza katika shule yetu. Wengine wamefurahi, wengine wamenung'unika. Mimi naona aje. Lakini asipewe klasi peke yake.

Jambo hili si jipya. Baada ya uhuru wa 1960, Wabelgiji wengi walipoondoka, waalimu Wahaiti walikuja kufundisha katika shule za sekondari za Kongo. Kiisha, tangu 1970 mpaka 1991, vijana wa Marekani wa Corps de la Paix walifundisha Kiingereza, hesabu na sayansi katika Zaire, na wengine wao walionyesha wakulima namna ya kufuga samaki katika mabwawa. Kabla ya kutumwa mahali pa kazi, wengi walipewa mafunzo yao ya kwanza hapa hapa Bukavu. Walikuja kwa miaka miwili. Mwezi wa Septemba 1991, waaskari walipopora Kinshasa, waliondolewa nchini. Mgeni anaweza kuitwa arudi kwao siku yoyote, lakini klasi inabaki palepale.

Yule wetu wa mwaka wa masomo 2024-2025 mnamkumbuka. Hakuna anayeweza kusema alikuwa mvivu. Kila Ijumaa alibeba kaye zetu, kila Jumatatu alizirudisha zimesahihishwa, na tulikuwa zaidi ya hamsini katika klasi moja. SNEL ikikata umeme, mashine yake ya kutusikilizisha Kiingereza ilinyamaza, naye akaimba mwenyewe. Malaria ilimlaza mara mbili. Sokoni Kadutu walimwambia bei ya muzungu mpaka alipojifunza kuuliza kwa Kiswahili, na siku aliponunua sambaza kwa bei yetu alikuja kutangaza klasini kama mtu aliyefaulu Egzeta. Tulimpigia makofi.

Lakini sisi pia tulimsumbua. Siku ya kwanza alisema tumwite kwa jina lake tu. Baada ya wiki mbili kuna waliomwita toka mwisho wa klasi kama vile wanaita mwenzao wa kucheza mpira. Nani kati yenu angemfanyia hivyo mwalimu wa hesabu? Alisema haraka, hatukusikia kitu, na alipouliza kama tumeelewa tukaitika wote, "Ndiyo, Madame!" Interro ilipokuja, zaidi ya nusu walikosa, naye akashangaa sana. Wakati wa mapumziko hakuweza kukaa chini ya mti na kula andazi lake. "Madame, mama iko mgonjwa, unisaidie na minervali." "Madame, unipatie adresi ya kwenu." Wengine walikuwa na shida ya kweli, najua. Lakini mtu aliyekuja kufundisha alianza kupita nyuma ya majengo ili asikutane na wanafunzi wake.

Sasa nafika kwa lile gumu, na Bwana Prefe anisamehe.

Shule yetu ina mwalimu wa Kiingereza. Mgeni alipokuja, yeye alishushwa kwenye klasi za chini, na mgeni akapewa za juu. Huyu mwalimu wetu ni mmoja wa wale wanaoitwa N.U.: wako kazini, lakini Serikali haijaanza kuwalipa. Anaishi kwa primu ya wazazi. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali ni ya bure, lakini kwa sekondari wazazi wanaendelea kulipa, na mzazi akikosa, primu inakawia. Kwa hiyo naye anajitolea, ila hakuna anayemwita hivyo. Kwa mgeni tulipaka nyumba rangi, tukatafuta matelasi mpya, wamama wakapanga zamu ya chakula. Ilikuwa vizuri. Mimi sisemi tupunguze heshima ya mgeni. Nauliza tu kwa nini nguvu ile hatuioni kwa huyu wa pili.

Vita vilipofika Bukavu katikati ya Februari 2025, mgeni alikuwa amekwisha kuvuka Ruzizi. Waliomtuma walimwita mapema, na walifanya vizuri; nani angependa abaki? Shule zikafungwa, banki zikafungwa. Tulipofungua tena, mwalimu wetu alikuja kwa miguu kutoka Kadutu na kupewa klasi za juu. Akakuta tuko katikati ya kitabu ambacho hajakiona, maana kiliondoka na mwenyewe. Mpango wa masomo ulikuwa ndani ya kompyuta ya mgeni. Ilibidi atuombe kaye zetu, akae nazo siku kadhaa, ndipo ajue tumefundishwa nini. Wakubwa wetu wa klasi ya sita walikuwa wanangojea Egzeta wakati ule, na siku zile hawakurudishiwa na mtu.

Kama angalikuwa klasini pamoja na mgeni tangu Septemba, angeendelea kesho yake asubuhi.

Kuna anayesema mgeni hatakubali kukaa na mwenyeji katika klasi moja. Si kweli. Yule wa kwanza aliomba mwenyewe, siku moja, kumsikiliza mwalimu wetu akifundisha. Alikaa kwenye benchi la nyuma pamoja na wale warefu, akaandika. Kiisha wakabadilishana: mwenyeji alieleza sarufi kwa Kifaransa na Kiswahili, mgeni akatusemesha mmoja mmoja. Mwenzetu mmoja ambaye hajawahi kufungua kinywa katika somo la Kiingereza alijibu sentensi tatu. Saa ile haikurudiwa, kwa sababu ratiba haikuruhusu.

Basi naomba ratiba iruhusu. Waalimu wawili, klasi moja, na kitabu kimoja cha masomo kinachobaki katika buro ya Bwana Prefe. Akae mwaka mzima wa masomo kama hali inaruhusu. Sisi wanafunzi tumwite Mwalimu, na mwenye shida ya minervali aende kwa wakubwa wa shule. Kuhusu primu ya mwalimu wetu, kamati ya wazazi itakutana kabla ya likizo. Mwenye wazo lingine aliandike na kulitia katika sanduku la gazeti, mlangoni pa biblioteki.

Kiongozi wa wanafunzi, klasi ya sita