Kurudishiwa Mrija si Kushindwa

Askari aliyelazwa mahututi kwa UVIKO-19 anapotolewa mrija wa kupumulia, kambi nzima hufurahi. Akirudishiwa kesho yake, minong'ono huanza: madaktari wameshindwa, au mgonjwa amekata tamaa. Fikira hiyo ni potofu, na yafaa ing'olewe katika vikosi vyetu.

Kabla ya kuutoa mrija, daktari humjaribu mgonjwa apumue kwa nguvu zake, nusu saa hadi saa mbili. Hata hivyo, kati ya wagonjwa 10 wanaofaulu, mmoja au wawili hurudishiwa. Virusi vimedhuru mapafu, misuli ya kifua imelegea kwa kulala siku nyingi, koo limevimba, makohozi hayatoki. Kamanda gani humlaumu askari anayerudi handakini risasi zingali zinanyesha?

La hatari ni kuchelewa. Mwaka 2004, kabla UVIKO-19 haijazuka, ulitolewa utafiti wa hospitali 37 katika nchi 8, juu ya wagonjwa 221 walioshindwa kupumua baada ya kutolewa mrija. Miongoni mwa waliofungwa kwanza barakoa ya kusukuma hewa, waliohitaji mrija tena walirudishiwa baada ya saa 12 hivi. Wenzao, saa mbili na nusu. Kundi la kwanza walikufa asilimia 25. La pili, 14. Watafiti walishuku ucheleweshaji huo.

Basi ndugu, daktari akiamua usiku kwamba mrija urudi, tusimsihi angoje kupambazuke.