Usijiite mbumbumbu, kompaila ndiyo haipo

Wewe kijana unayejifunza kuandika programu peke yako, uwe Kihunguro kule Ruiru au Makongeni hapa Thika, leo nataka nikutetee. Umefuata maelekezo neno kwa neno. Umeandika "pip install" na jina la kifurushi, ukabonyeza Enter, skrini ikajaa maandishi mekundu. Mwishoni unaambiwa Microsoft Visual C++ 14.0 inahitajika. Si ulikuwa unajifunza Python? Hii C++ nayo imetoka wapi?

Hapo ndipo wengi hufunga laptopu na kusema, "Hii kitu si ya watu kama sisi." Nakataa. Kosa ni la aliyekupa maelekezo akaanzia hatua ya tano.

Mambo yenyewe si uchawi. Vifurushi vingi vya Python vina sehemu zilizoandikwa kwa C au C++. Mara nyingi unapakua kifurushi ambacho tayari kimetayarishiwa mashine yako. Kisipopatikana, labda kwa sababu toleo lako la Python ni jipya mno, pip huleta msimbo mbichi na kujaribu kuutayarisha papo hapo. Kazi hiyo inataka kompaila ya C++, na Windows haiji nayo. Ni kama kununua kitambaa cha Thika Cloth Mills ukiwa huna cherehani. Kitambaa ni kizuri, lakini shati hutavaa.

Kwa Ubuntu, dawa ni amri moja: sudo apt install build-essential. Inaleta gcc, g++ na make kwa pamoja. Kwa Windows unahitaji Build Tools za Visual Studio, na ukichagua sehemu ya C++ mzigo ni wa gigabaiti kadhaa. Sasa piga hesabu ya bando.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kando ya barabara hii yetu kuna MKU mjini Thika, JKUAT pale Juja na Zetech kule Ruiru. Mwanafunzi wa huko akikwama, anamgeukia mwenzake wa dawati la pili. Sisi tulioacha chuo, na wale waliokosa karo, mwalimu wetu ni video na bando ya siku. Video isipotaja kompaila, bando inaisha kabla somo halijaanza. Hata anayefundisha kupika chapati huanza na mahitaji: unga, mafuta, maji ya vuguvugu. Mwalimu wa programu anashindwa nini kuandika mstari mmoja juu kabisa: unahitaji hiki, na ukubwa wake ni huu?

Kuna watakaosema kuhangaika ndiko kunakofunza. Nakubali nusu. Kuhangaika na programu yako mwenyewe kunakufunza. Kuhangaika na kitu ambacho hukutajiwa kunakufunza kukata tamaa tu.

Kwa hivyo, kabla hujafuta kila kitu, soma ule ujumbe polepole. Mara nyingi unataja kinachokosekana. Pili, angalia kama kifurushi kimetayarishiwa toleo la Python la nyuma kidogo. Kurudi huko kunaweza kukuokolea gigabaiti zote hizo. Tatu, msihangaike kila mtu kivyake. Kisakinishi cha Visual Studio kina chaguo la --layout linalohifadhi mafaili yote kwenye folda moja. Mmoja wenu mwenye Wi-Fi apakue mara moja, wengine mnakili kwa flash.

Halafu siku ukishaiva, na utaiva, utamwandikia mwongozo kijana mwingine wa mtaa wako. Tafadhali, anza na mahitaji. Na umwambie ni MB ngapi.