Utu Uzima Dawa, Utunzaji Je?

Wahenga walinena kuwa utu uzima dawa. Ni ajabu, basi, kuwa mzee apatapo kiharusi na kupelekwa katika kituo cha utunzaji, jamaa zake aghalabu hukagua kuta, vitanda na ada, wakasahau kukagua utu. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mzee, yaani aliyepita miaka 60, haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa ipasavyo na familia yake pamoja na Serikali.

Heshima hiyo haionekani langoni. Huonekana pale asiyejiweza anapogeuzwa mara kwa mara asije akapata vidonda vya kulalia. Anaposhikwa mkono ajifunze upya kutembea, badala ya kuachwa kitini kutwa. Na anapoitwa babu au nyanya, wala si kwa nambari ya kitanda. Fauka ya hayo, kiharusi huweza kumpokonya mtu usemi kikamwachia akili timamu. Anayemsemesha kama mtoto mchanga humjeruhi mara ya pili.

Jamaa na wazuru vituo hivi saa wasizotarajiwa, watazame na kusikiliza. Serikali nayo ivikague kwa mizani iyo hiyo.