Stesheni na Watu Wake



Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukazaliwa kandokando ya stesheni. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Takriban 2,500 walifariki. Baadaye wafanyakazi wa reli walijengewa mtaa wa Muthurwa, karibu na stesheni. Mwaka 2010 wakazi wake walianza kufukuzwa na nyumba kubomolewa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilitamka kwamba haki yao ya makazi ilikiukwa.

Injini za kale zimetunzwa katika Makumbusho ya Reli tangu 1971. Je, chuma kina heshima kuliko binadamu? Viongozi wa jumuiya, ubomoaji utangazwapo mtaani kwenu, ulizeni kwanza: wanaoishi humu watalala wapi?