Kitanzi si Kinga Yetu

Kila anapozikwa mtu aliyeuawa, hapa Kilema hurudiwa kauli ile ile, vilabuni na hata uwanjani pa kanisa baada ya misa: muuaji anyongwe, maana kamba humtisha mwenye nia mbaya, tena huiondolea serikali mzigo wa kumlisha. Itikadi hii ni batili, nami naipinga kwa moyo wangu wote.

Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu humnyima jaji hiari, kikimlazimu kutamka mauti kwa aliyeua kwa kukusudia. Ilhali tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa nchini, na mwaka 2017 Rais Magufuli alinena hadharani kwamba hatatia saini ya kumnyonga mtu. Basi waliohukumiwa huzeekea gerezani, wakilishwa na kulindwa kwa fedha ya umma, na rufaa zao, pamoja na mawakili wanaogharimiwa na dola, zikiongeza hesabu. Iko wapi nafuu? Na anayetaka kamba iharakishwe ataipata kwa kuzifuta rufaa tu, ambazo ndizo ngao ya asiye na hatia. Tarehe 2 Machi 1900, hapo Old Moshi, Wajerumani waliwanyonga Mangi Meli na wenziwe 18 kwa tuhuma za njama ambazo, kwa rai ya wanahistoria wengi, zilitungwa na mahasimu wao. Ni rufaa gani ingewafaa tena?

Ama hiyo hofu, mtu aliyejaa ghadhabu na mbege, anayemfyeka nduguye kwa sababu masale ya mpaka wa kihamba yamesogezwa, hapimi sheria wakati panga limekwisha inuliwa. Na yule apangaye kwa siri hutumaini hatakamatwa kamwe. Kanada ilifuta adhabu hii mwaka 1976, na mauaji hayakuzidi, bali yalipungua.

Mnamo Novemba 2019, katika shauri lililoanzia Mahakama Kuu ya Moshi, Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutamka mauti ni kukiuka haki ya kuishi. Bunge na liondoe sharti hilo, na fedha ipelekwe kwa wapelelezi na kwa Mkemia Mkuu, ili muuaji ajue atapatikana, na kwa mabaraza ya kata, yapatanishe ndugu juu ya mpaka kabla panga halijanolewa.