Tamko kuhusu degedege: sindano haiui mtoto

Sisi matabibu na wauguzi tunaohudumia watoto, tunatoa tamko hili kwa sababu bado tunaletewa watoto waliocheleweshwa nyumbani wakifukizwa kinyesi cha tembo. Wazazi wao wameambiwa kuwa degedege huletwa na shetani mwenye umbo la ndege, na kwamba mtoto aliyepatwa nalo akichomwa sindano hufa.

Tunajua imani hii ilikopata nguvu. Mtoto hukakamaa, macho yakageuka juu, mate yakamtoka. Mara nyingi hali hiyo hukoma yenyewe baada ya dakika chache, afukizwe asifukizwe. Moshi haujaisha chumbani, mtoto katulia, na mganga ndiye anayeshukuriwa. Lakini kama chanzo ni malaria kali, vimelea vimo mwilini vilevile, na mishipa midogo ya ubongo inazidi kuziba. Kesho yake analetwa kwetu hajitambui, anachomwa dawa, anafariki. Kijijini wanasema: si tuliwaambia?

Dai kwamba sindano huua linapimika, na limepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Wote walitibiwa kwa dawa za sindano, na takriban tisa katika kila kumi walinusurika. Utafiti huohuo uliwaumbua hata madaktari: waliopewa kwinini, dawa iliyotegemewa miaka mingi, walifariki asilimia 10.9, waliopewa atesuneti, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza atesuneti itangulie kwa watoto hao. Bado hatujamsikia mganga aliyeacha ufukizo wake kwa sababu ulipimwa ukashindwa.

Hatuna ugomvi na dua wala sala. Mzazi asome Yasini au asali rozari, ila awe njiani, juu ya bodaboda. Na si kila degedege ni malaria. Homa ya uti wa mgongo nayo huja hivyohivyo, ndiyo maana tunapima kwanza.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi, mabibi na waganga wa tiba asili: mlazeni mtoto ubavu, msimtie kijiko mdomoni, msimnyweshe chochote, mleteni kituoni usiku huohuo.