Heshima Impasayo Mwanafunzi Mkristo

Heshima ni mbili: heshima ya kupewa na heshima ya kustahili. Hutokea zikakutana katika mtu mmoja, lakini mara nyingi hupitana njiani. Katika shule za umma zilizouzunguka Mlima Kenya, toka Nyeri na Karatina hata Embu, Chogoria na Meru, mwanafunzi Mkristo aombaye kwa sauti kuu husifiwa, na aongozaye nyimbo hutuzwa. Lakini yule akataaye kuiba mtihani hapigiwi hata kofi moja. Mgawanyo huo wa heshima si wa haki, nami naupinga.

Kwanza nawajibu wasemao kwamba imani haina mahali katika shule ya umma. Hoja yao ni kuwa shule huendeshwa kwa kodi ya watu wote, basi dini na ibaki nyumbani. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Wakonsolata walijenga Mathari, Wapresbiteri Tumutumu na Chogoria, Waanglikana Kabare, na Wamethodisti Kaaga. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za misheni chini ya usimamizi wa serikali, makanisa yakabaki kuwa wadhamini. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 8, yasema kuwa hapana dini ya taifa. Nusu ya pili ndiyo wanayoisahau. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 32, yampa kila mtu haki ya kuidhihirisha dini yake, peke yake au pamoja na wenzake, faraghani au hadharani. Mwanafunzi haachi dhamiri yake langoni kwa bawabu, kama mtu aachavyo mwavuli. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwatetea wanafunzi Waadventista waliotaka kuishika Sabato bila ya kulazimishwa masomo siku hiyo. Shule hazikugeuka makanisa kwa hukumu ile. Ratiba tu ilifundishwa adabu mbele ya dhamiri.

Nimemaliza na wapinzani wa imani. Sasa nawageukia rafiki zake, ambao pengine huidhuru zaidi. Hawa hudhani kuwa jina jema na kelele za ibada zatosha. Kizito alikuwa kijana wa miaka kama 14 katika nyumba ya Kabaka Mwanga, akateketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa kutoikana imani yake. Shule moja ya Meru ilipewa jina lake. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991 wavulana wa shule hiyo walilivamia bweni la wasichana, na wasichana 19 wakapoteza maisha. Jina la shahidi lilikuwa langoni, wala halikuuzuia mkono hata mmoja. Jina haliwezi kumtendea mtu kazi ambayo ni lazima aitende mwenyewe.

Tutazame mitihani pia. Maombi kabla ya mtihani ni desturi kubwa katika nchi yetu. Hata hivyo, mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 wa kidato cha nne yalifutwa kwa udanganyifu. Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu ilipiga marufuku siku za maombi na ziara za wazazi katika muhula wa tatu, ili kuziba njia za wizi huo. Fikirini aibu hiyo: siku ya maombi imeshukiwa kuwa mlango wa wezi! Hapana kafiri aliyeweza kuitukana ibada zaidi ya waumini walioitia katika shaka ya namna hii.

Basi ni nani anayestahili heshima? Ni kijana aletewaye karatasi ya wizi bwenini usiku, akasema, "Sitaki." Wenzake humwita mnafiki na msaliti. Matokeo yatokapo, yeye ana C ya jasho lake na jirani yake ana A ya wizi. Jina la jirani huandikwa ubaoni kwa wino wa dhahabu, lake halionekani. Pengine amekosa nafasi ya chuo kikuu, na mzazi aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya karo humwuliza imani imemfaa nini. Kijana huyu ameishi dini yake kwa gharama.

Nchi yetu yawajua watu wa namna yake. Katika miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, walikuwako Wakristo wa uamsho miongoni mwa Wakikuyu waliokataa kiapo cha msituni, na wakakataa vilevile bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa. Simhukumu aliyepigania ardhi yake. Natazama tu uthabiti wa mtu asiyeuza dhamiri kwa upande wowote.

Yuko atakayeniambia kuwa wema wa kweli hufanywa kwa siri, na kumtuza mtu ni kumharibu. Sala ina haki ya siri, nakubali. Lakini uaminifu ulioonekana na watu wote, nasi tukaunyamazia, huwafundisha vijana kuwa hauna thamani, na kimya chetu huwa somo la wizi. Yuko pia atakayeuliza kama Mkristo peke yake ndiye mwaminifu. La, hasha! Mwislamu wa Isiolo na asiye na dini wastahili heshima hiyohiyo kwa tendo hilohilo. Tunapima tendo, cheti cha ubatizo hakiongezi uzito.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. La kwanza ni ulinzi: mwaka 1999, katika shule moja ya Nyeri, viranja wanne waliteketezwa chumbani mwao na wanafunzi wenzao, shule isiyowalinda wenye msimamo haina haki ya kuwasifu. La pili, siku ya kutuza, waaminifu waitwe kabla ya wenye alama za juu. La tatu, mwalimu mkuu auandike uaminifu huo waziwazi katika cheti cha kumaliza shule, ili mwajiri ausome.

Nanyi vijana, msingoje ubao. Alama ya wizi humpeleka mtu mahali ambapo ujuzi wake hauwezi kumweka. Mgonjwa atakayelala mbele yenu, na daraja mtakalolijenga juu ya mto Sagana, havitauliza mliimba kwa sauti gani. Vitauliza kama mlijifunza kweli.